Mkeka Kwenye Uwanja wa Gofu

Mimi uwanja ule wa gofu siupendi, wala sitaupenda. Uko huku Oman, nje ya mji wa Nizwa, njia ya kwenda Manah, na kila nikipita nakaza macho barabarani. Mume wangu huniambia, "Yameshapita hayo, bibi wee." Yamepita kwake.

Mama yangu alizaliwa Unguja akaletwa huku msichana, baada ya mapinduzi. Miaka yote aliishi na mawe na vumbi bila ya kulalamika, ila alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: majani. Figo zilipomzidi, tukataka kumpeleka Thailand kwa matibabu. Akakataa katakata. "Msinihangaishe. Nipelekeni nikakae juu ya majani mabichi, nivue viatu, basi."

Ijumaa baada ya alasiri nikamtia garini. Huku kwetu mtu akiona majani, hata yale ya katikati ya mzunguko wa barabara, hutandika mkeka na kumimina kahawa, na hapana anayemuuliza. Kwa hivyo geti la klabu nilipoliona wazi, nikaingia zangu. Mama ndiye aliyechagua mahali: pale majani yalipokatwa mafupi kabisa, laini kama zulia, na bendera imechomekwa katikati. "Wallahi watu hawa wana adabu," akasema. "Wametutengenezea baraza!" Akatundika mkoba wake kwenye mti wa bendera, akavua viatu. Alipokanyaga tu, akacheka. Tangu afe baba sikuwahi kumsikia akicheka vile.

Kahawa haijamiminwa, likaja gari dogo la umeme lina wachezaji wawili. Akashuka mmoja, Mwomani mwenzetu, kavaa kofia na glavu mkono mmoja. Akatwambia kwa Kiarabu, "Khalti, hapa pana wenyewe. Mnatuharibia majani." Nikamjibu kwamba mama ni mgonjwa, akishakunywa kikombe kimoja tunaondoka. "Mamnuu," akasema, marufuku, tena usoni hakumtazama mama. Alikuwa anatazama alama ya kisigino chake pale chini.

Loo, damu ilinichemka! Nilitaka kumpa vidonge vyake, na aliyenizuia ni mama, kanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Unguja walitufukuza kwa mapanga. Huyu angalau kaniita khalti, kama ndugu wa mamake." Nikakunja mkeka. Vipande vya majani vilimganda kwenye nyayo, na nilipotaka kumpangusa akanikataza, akavaa viatu hivyo hivyo.

Ijumaa ya pili hakuifikia. Tumemzika ng'ambo ya barabara ile ile, kwenye changarawe, jiwe kichwani na jiwe miguuni. Nikienda kumsomea Fatiha nasikia mabomba ya klabu yanavyorusha maji upande wa pili, na majani yale hayana hata mtu mmoja juu yake. Mara nyingine humwagia mama kopo la maji. Hapaoti kitu.