Ndama wa Ngozi

Harufu ya ngozi mbichi iliyopakwa chumvi hunitoa machozi mpaka leo. Wajukuu wanadhani ni moshi, nami nawaacha wadhani.

Tulikuwaga Bugwema, miaka ile ya maduka matupu: sabuni hakuna, maziwa ya kopo hakuna. Mama alikuwa ametoka kuugua, maziwa yake yakakauka, na mdogo wangu Nyangeta alikuwa na miezi mitatu tu. Akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, Madoa. Halafu ndama wa Madoa akafa. Na ng'ombe wa kwetu, asipomwona ndama wake, hateremshi maziwa. Anakupiga teke wewe na ndoo yako.

Baba mdogo Magesa, aliyekuwa anatulea, akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi nyasi, akaishona. Mama akaipaka chumvi yetu ya mwisho. Madoa akalamba kidogo, akageuka.

"Huyo hanyonyi, amesimama tu kama kinu," nikasema mimi, mtoto wa darasa la tatu.

Ndama nilikuwa nimewatazama sana. Ndama akinyonya hatulii, anakipiga kiwele kwa kichwa. Basi nikamtia yule wa ngozi shingo ya mpira wa baiskeli, nikapitisha kamba ya katani tumboni. Ukivuta, kichwa kinapiga. Ukiachia, kinarudi, na mkia unatikisika. Madoa akalia kwa sauti ya chini, ile wanayowalilia watoto wao, maziwa yakashuka.

"Nyanjura!" Baba mdogo akacheka. "Kumbe akili unayo, shuleni huwa unaiacha wapi?"

Sifa zikanipanda kichwani. Wakaja wenzangu kutazama: Bwire wa Mafuru, Nyamisi, na Masatu mwenye pengo. Masatu akasema, "Ndama gani hatembei? Huo ni mto wa kulalia!"

Nikamfunga ndama wangu juu ya ubao wenye magurudumu ya ndala zilizokatika, miguu nikaining'iniza kwa mipira irushe hatua. Nikamvuta mbele ya zizi. Jamani, alitembea! Madoa akaangusha miti ya zizi, akaja mbio analia.

"Kimbia, mama yake huyo!" wakapiga kelele. Nikakimbia naye huku nacheka. Ubao ukagonga jiwe, mshono ukaachia, nyasi zikamwagika miguuni pa Madoa.

Akazinusa. Hakuzila. Akasimama palepale mpaka jua likawa kali.

Toka siku ile hakuteremsha tena. Baba mdogo aliishona ngozi mara mbili, akaambulia teke. Mama alizunguka na kibuyu mpaka Suguti kuomba maziwa. Siku anapata, siku anarudi nacho kitupu. Tukampa Nyangeta uji mwepesi wa mtama. Hakufika mavuno.

Mama hakunitajia yule ndama hata siku moja. Afadhali angenichapa.

Ila kanga aliyokuwa anambebea Nyangeta hakuifua. Nilimkutaga mara nyingi ameiweka usoni. Nyamisi aliponiuliza mbona mama yenu haifui kanga ile, nilimjibu kwamba sabuni imeadimika. Na niliamini hivyo kweli, mpaka siku nilipomzika mwanangu Wanzagi, nikajikuta nimeshika shati lake usoni, sitaki lifuliwe.