Namba Yangu Ukutani

Siku ya kwanza kazini Mkuu wa Maabara hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kihesabio, mashine ya kupimia mionzi ya mawe, akafunika dirisha kwa blanketi na kuzima taa. Nikamsikia akibonyeza swichi. Hakuna kilichoonekana.

"Hesabu, binti."

Nilipofika saba, sifuri ya rangi ya machungwa ikachomoza gizani, na papo hapo nyingine zote zikafuata.

"Taa hizi gizani ni vivu," alisema. "Zinangoja kitu cha kuziamsha. Mwanga kidogo, au mionzi. Ya kwanza ikiamka, inaziamsha nyingine."

Ninyi vijana wa maabara wa leo hamjaziona taa za tarakimu. Ni chupa ndogo ya kioo yenye gesi ya neoni, ndani yake waya kumi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja imekunjwa umbo la namba, sifuri hadi tisa. Waya ikipata umeme, gesi inayoizunguka hung'aa, na namba huelea humo kama kaa la moto. Zinataka volti mia moja na sabini, na huo si umeme wa kuchezea. Mkuu alinifundisha kufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Nilianza Fundi Daraja la Tatu. Nikapelekwa kambi ya utafiti upande wa Chamwino, chini ya Mjiolojia Mwandamizi aliyetaka kila jiwe lipimwe mara tatu, kisha nikarudishwa Dodoma kuwa Msimamizi wa Stoo ya Sampuli. Dereva wetu miaka yote hiyo alikuwa Yohana, Mgogo wa Msalato, aliyeniita dada. Mashine mpya zilipoletwa, kihesabio kikatupwa. Niliomba taa zake, nikapewa sita.

Nilipostaafu nikaziundia saa. Kazi ilikuwa umeme wake. Adapta inatoa volti kumi na mbili tu. Transista, swichi ya kielektroniki, inaukata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ukikatwa, koili, waya iliyoviringwa, inarusha umeme mkubwa zaidi kwenye kapasita, yaani kihifadhi umeme, mpaka volti zitimie. Kila taa niliipa rezista yake, kizuizi cha mkondo, isijiunguze. Na ukichomoa waya usiguse kitu: kapasita hubaki na umeme wake, kimya, inakungoja.

Mwaka jana, miezi michache baada ya kumzika Yohana, niliipeleka saa kwa mjane wake. Binti yao, Neema, mwajiriwa wa serikali huko Mtumba, alikuwa likizo, mjamzito wa mimba ya kwanza, akilala chumba cha marehemu baba yake.

"Shikamoo shangazi. Hiyo ndiyo saa?"

"Marahaba. Njoo nikuonyeshe uvivu wake."

Ilikuwa mchana. Tuliingia chumbani kwake, tukafunga mlango na kuziba dirisha kwa blanketi mbili, hata mkono wangu sikuuona.

"Hesabu, mwanangu." Nikawasha.

Hakupata nafasi ya kusema moja. Tarakimu zote sita zilikuwa zimeshawaka.

Nikazima, tukangoja, nikawasha. Zikawaka mara moja. Nikaihamishia saa stoo ya jikoni, nako giza tupu: tukahesabu mpaka tisa ndipo ikaamka. Tukairudisha chumbani, karibu na kitanda. Ikawaka kabla sijaondoa kidole kwenye swichi, kana kwamba ilikuwa macho ikitusubiri.

Neema alicheka. "Shangazi, saa yako inakipenda chumba changu."

Mimi niliizima. Mwanga haukuwepo. Kilichobaki ni kimoja tu.

"Toka humu, Neema. Usichukue hata mto. Toka."

Wataalamu niliowaita walikuja kesho yake na kipimo cha mionzi. Kilipofika ukuta wa upande wa kitanda kikaanza kulia mfululizo. Walipobandua plasta, mawe matatu yalitokeza, meusi yenye madoa ya njano, na juu ya moja namba ya sampuli kwa rangi nyeupe. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Asilale mtu humu tena," alisema mkubwa wao. "Kama yalimdhuru marehemu, siwezi kusema. Wewe binti, nenda kliniki uwaeleze."

Mama Neema alikuwa akiutazama ukuta. "Marehemu alikuwa analala ameugeukia," alisema. "Kila siku."

Ndipo nikamweleza. Tulikuwa tunasafisha stoo, Yohana akaniuliza kama anaweza kuchukua mawe ya kujengea. Nikamwambia chukua, rafu ile yote ni takataka. Sikufungua daftari, sikupima.

"Ulijua, dada?"

"Sikujua. Kazi yangu ilikuwa kujua."

Mama Neema aliugeukia ukuta tena. Kisha akasema, "Utawaandikia hao vijana wenu wa maabara, nimesikia. Usiandike kwamba stoo ilitoa mawe. Stoo haina mkono."

Neema alijifungua salama, mtoto wa kike. Ukuta ulibomolewa, mawe yakaondolewa. Mama Neema hunipokea nikienda, hunipa uji, lakini dada haniiti tena.

Nimewaandikia kama alivyotaka. Mkono uliotoa mawe yale ni wangu, Perpetua Chilongani, Msimamizi wa Stoo.