Kwaya ya Getini

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Shangazi Mkasi, na si kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Ulimi wake ulikata kabla mkasi haujatoka mfukoni. Kibanda chake kilitazamana na geti la gereza, na Jumamosi, siku ya kutembelea wafungwa, aliwaazima wageni magauni bure. Zamani, kaka yake alipokuwa ndani, askari walimrudisha yeye mwenyewe kwa kosa la kuvaa gauni la mikono mifupi. Alilia njia nzima, na alipomaliza kulia akaanza kushona. Kaka alishatoka, kaoa, kaota na kitambi. Dada mtu hakuhama.

Wageni walimjia na kila kosa: sketi fupi, blauzi isiyo na mikono, shati linalofanana na sare ya askari. Aliwavika, akawaeleza foleni inaanzia wapi na chakula gani hakipiti, kisha akawatania mpaka wakainua vichwa. Mwenye aibu aliambiwa aibu ni ya aliyeiba, yeye kaja kusalimia tu.

Wiki hiyo alikuwa amepata jora zima la kitambaa cha zambarau, akashona magauni sita kwa mkupuo, yote kama mapacha. Jumamosi ilipofika akayagawa. Aliyempa wasiwasi ni mama mmoja mkimya, ambaye mwanawe alifungwa mwaka uliopita na yeye hajawahi kukanyaga pale kwa fedheha. Asubuhi nzima aliubana mkoba kwapani kama mtu anayetafuta upenyo wa kukimbia. Shangazi alijua kwamba huyu akirudishwa leo, ndiyo basi tena.

Akawatazama wakivuka barabara, zambarau sita mfululizo, akajisifu kimoyomoyo. Sifa haikufika mbali. Askari wa zamu aliwasimamisha, na mama mkimya akawa wa kwanza kugeuka.

Shangazi alimdaka katikati ya barabara, akamkokota mpaka getini. Askari akamweleza, kwa upole wa mtu mwenye funguo, kwamba kwaya zina siku yao na huja na kibali cha ofisi. Hapo ndipo Shangazi alipoiona kazi ya mikono yake. Kweli, walikosa kinanda tu.

"Afande, hawa hawajuani. Wamekutana kibandani kwangu leo hii."

"Kila kwaya isiyo na kibali husema hivyo."

"Basi waimbe. Ukisikia wawili wamepatana sauti, unifunge mimi."

Askari akakunja mikono, akasema haya, anasikiliza. Wanawake wakatazamana. Shangazi, aliyezoea kumsemea kila mtu, hakuwa na wimbo hata wa kusingizia. Ndipo yule mama mkimya akaanza. Alichokipata ni kibwagizo alichombembelezea mwanawe utotoni, na alikiimba kwa sauti ya bawaba isiyojua mafuta. Wenzake wakamfuata, kila mmoja na njia yake, kama kuku waliofunguliwa banda. Foleni nzima ikacheka. Mama mwenyewe akacheka, lakini hakunyamaza.

"Yatosha, mama zangu," askari akasema, akifuta macho. "Ingieni kabla wafungwa hawajakata rufaa."

Waliporudi kuvua magauni, mama yule alikuja wa mwisho. Macho yalikuwa mekundu, ila mkoba ulining'inia mkononi, umesahauliwa. Akasimulia kwamba mwanawe alikuwa uani wakati ule, na kwamba alikwenda kusimama kwenye mlango wa kuitiwa wageni kabla jina lake halijaitwa.

"Kaijua sauti yangu, Shangazi. Anasema hakuna mwingine duniani anayeimba vibaya hivyo."

Shangazi akasema mtoto ana masikio mazuri. Mama akauliza Jumamosi ijayo kibanda kinafunguliwa saa ngapi, maana ana safari ya mbali na angependa awe wa kwanza kwenye foleni. Alipokwisha kuondoka, Shangazi akavuta kitambaa cha njano na kingine cha kijani, akaanza kubadilisha kola za yale magauni sita.