Gari Halivai Sketi

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana nguo aliyoipinda yeye chini haijapata kufumuka. Ni fundi cherehani, mjane, na ulimi anao. Marehemu mumewe alimwachia cherehani ya kukanyaga na pikapu ya kijani inayobeba sare za wanafunzi kwenda sokoni. Siku pikapu ilipoanza kumwaga maji chini ya injini, watu wawili walifurahi kupita kiasi.

Wa kwanza alikuwa fundi magari wa ng'ambo ya barabara. Alichungulia, akatikisa kichwa. "Mama, gasketi ya pampu ya maji imekufa. Niachie gari."

Niachie! Uani kwa fundi huyo kulikuwa na gari la jirani lililoachwa vivyo hivyo. Sasa limekaa juu ya mawe, milango haipo, na kuku wanatagia kwenye kiti. "Asante, baba," alisema Mama Pindo. "Langu bado nalipenda."

Wa pili alikuwa shemeji yake, aliyeimezea mate pikapu hiyo tangu siku ya maziko. "Shemeji, unahangaika bure. Jumamosi namleta mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Mlete. Mkikuta halitembei, chukueni. Mkikuta linatembea, usinitajie tena habari ya kuuza gari la mume wangu."

"Na nani atalitengeneza?"

"Mimi."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

Haya, cheka! Mama Pindo alikuwa amemshikia mumewe tochi mara nyingi uani pale nyumbani, na macho hakuwa ameyafumba. Gasketi ya pampu ni karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la chuma, ikabanwa katikati ya pampu na injini ili maji yasipenye. Na kukata kwa umbo ndiyo kazi inayomlisha. Alitoa mkanda wa injini, akafungua bolti za pampu, kila moja akaichomeka kwenye kadibodi mahali pake, asije akachanganya ndefu na fupi. Akakwangua mabaki ya gasketi kuukuu. Akalaza karatasi mpya juu ya pampu, akagonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajichora lenyewe. Kisha akashika mkasi, na mkono ukafanya ulichozoea.

Ijumaa mchana akairudisha pampu mahali pake, akajaza maji, akawasha. Maji hayakuvuja. Lakini mle ndani mkawa na kra, kra, kra, na muda si mrefu maji yakachuruzika upya. Akazima, akafungua. Loo! Alikuwa ameacha nafasi ya mshono! Karatasi iliyozidi kwa ndani ilikuwa imetafunwa na mapanga ya pampu yanayosukuma maji. Fundi magari alivuka barabara makusudi kuja kuona, akaangua kicheko: "Jamani, umelishonea gari sketi!"

Mama Pindo alikaa chini palepale, mikono imejaa grisi, akalia. Alilia kwa hasira na kwa uchungu, maana aliiona pikapu ikivutwa kwa kamba, na usukani alioushika mumewe ukitupwa kwenye lundo la vyuma. Kisha akajifuta uso kwa kiwiko.

"Umemaliza kucheka?" akamwambia fundi. "Basi nipishe, unanizibia mwanga."

Akakata nyingine, sawasawa na chuma, bila kuzidisha hata upana wa uzi.

Jumamosi asubuhi shemeji aliingia na mnunuzi, kamba ya kuvutia gari iko begani. Mama Pindo alishakaa kwenye usukani. Akawasha. Injini ikanguruma, ikatulia, ikaendelea kunguruma. Wakasubiri ipate moto. Mnunuzi akainama, akapapasa chini ya pampu, akautoa mkono mkavu.

"Hakuna hata tone," alisema. "Hili si la vyuma chakavu, bwana. Umenitoa nyumbani bure." Akaenda zake.

Shemeji akajikuna kichwa. "Sawa, shemeji. Gari ni lako, sitalitaja tena. Basi nipe lifti mpaka sokoni." Tayari mkono ulikuwa kwenye mlango wa mbele.

"Nyuma," alisema Mama Pindo. "Hapa mbele nilikuwa nakaa na ndugu yako. Wewe ulitaka kulikatakata gari lake. Panda nyuma, ushike sare zisiruke."

Shemeji akapanda, na kamba yake. Walipofika mbele ya gereji ya yule fundi magari, Mama Pindo alipunguza mwendo, akapiga honi ndefu mpaka fundi akatoka nje.