Siku Niliyotoa Ziwa Kazualti

Nianze na aibu yenyewe, maana Malindi nzima wameshaisimulia kabla yangu na kila mmoja ametia chumvi yake: ndiyo, ni mimi yule nesi aliyeonekana ziwa nje, kofia kichwani, katikati ya kazualti, mchana kweupe. Wengine wanasema nilikuwa nimelewa. (Nimezaliwa na kulelewa Kisumu Ndogo, mtaa wenye vilabu vya pombe ya mnazi, nayo sijaionja hata kwa ulimi.) Sikulewa. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Tulipomaliza chuo cha uuguzi, mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, kila mmoja aliulizwa anataka kupelekwa wapi. Mimi nilikuwa na binti mchanga, Mbithe, ananyonya, na wote kuanzia mama yangu mpaka wenzangu wa darasani wakanishauri niombe zahanati kule Junju, nyumba ipo, wagonjwa ni wa malaria na minyoo, mtoto utamnyonyesha kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nikakataa. Nikaandika kazualti ya hospitali kubwa, pale wanapoletwa watu wa ajali na wa mapanga na wagema walioanguka minazini, kwa sababu najijua: mikono yangu haitetemeki mbele ya damu, inatetemeka nikikaa bure. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea, na nilikuwa tayari kufanya lolote nisiikose.

Sista aliyesimamia kazualti, mama wa makamo asiyejua kucheka, alinitazama usoni siku ya kwanza, akateremsha macho mpaka kifuani, akasema, "Hapa hakuna ruhusa ya kwenda kunyonyesha. Zahanati ulishauriwa ukakataa. Ulichagua mwenyewe."

"Ndiyo, Sista."

Basi nikawa naiba. Mdogo wangu Kalekye alikuwa akimleta Mbithe mchana kwenye ua wa nyuma, kule zinakoanikwa shuka, nami natoka kama ninayekwenda chooni, namnyonyesha nimesimama, narudi. Siku hiyo nikamwona Kalekye ameshafika, mtoto ananitupia mikono, na Sista naye kasimama mlangoni. Nikampungia Kalekye arudi nyumbani. Ndilo kosa langu lote, kupunga mkono, nilitaka Sista aone kwamba mimi ni nesi wa kazualti kweli kweli. Nikakunja vipande vya shashi nikavitia ndani ya sidiria, nikaendelea na kazi.

Haukupita muda, pikapu ikaingia na majeruhi wa lori lililopinduka njia ya Kilifi, watu walikuwa wamepanda juu ya magunia. Kulikuwa na utingo wa lori, mfupa wa muundi umetokeza nje, na kulikuwa na mama mmoja kijana mwenye buibui, amezirai, tumbo limekakamaa kama ubao. Ndani ya leso yake, amefungwa kifuani, kulikuwa na mtoto wa kiume mzima salama, hana hata mkwaruzo. Tulipomfungua akaanza kulia.

Mliozaa mnajua. Maziwa hayaulizi ni mtoto wa nani. Yalishuka yote kwa pamoja, shashi ikalowa, sare ikalowa, madoa mawili kifuani kama visahani, na utingo yule yule mwenye mfupa nje akapaza sauti, "Nesi, tangi lako linavuja!" Wakacheka mpaka waliokuwa wanaugulia. Nikakimbilia aproni ya mpira nijifunike, na joto la ile aproni likazidisha mambo, sasa yakawa yananitiririka mpaka kiunoni.

Daktari alikuwa ameweka kipimo kifuani mwa yule mama, hasikii kitu kwa kelele. "Mnyamazisheni huyo mtoto! Huyu anavuja damu ndani, nitamsikiaje?"

Mkamuulize leo nani mwingine alikuwa na cha kumnyamazishia. Nikamchukua, nikaingia nyuma ya lile pazia la magurudumu, nikafungua vifungo, nikampa ziwa. Kazualti ikatulia kimya. Nikamsikia daktari akisema, "Haya, theatre, upesi!" na papo hapo mbeba machela akaja akalivuta pazia akaenda nalo wamsitiri yule mama njiani, wala hakuangalia nani yuko nyuma yake.

Mbele yangu benchi zima, wagonjwa na jamaa zao, na mimi nimekaa kama sanamu, vifungo wazi. Nikiinuka mtoto atalia. Nikibaki, ndiyo hivyo. Nikabaki.

Na hapo ndipo alipoingia bibi wa mtoto, anahema, ushungi umeteleza. Alipomwona mjukuu wake kifuani kwangu akasimama ghafla.

"Umempa ziwa? Mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Una mwana wa kike weye?"

"Ninaye."

"Basi usimzidishe! Akikunyonya mara tano, kwa dini yetu hao ni ndugu, hawaoani tena."

"Bibi," utingo akadakia, "hata jino hana, mshamposea?"

"Nyamaza weye! Mguu umevunjika, mdomo umesalia." Kisha akainama, akamtazama mtoto aliyekuwa akivuta kwa pupa, na sauti ikamshuka. "Mamake yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Wamempeleka kumpasua."

Akakaa sakafuni kando yangu, akatandua mtandio wake akatufunika mimi na mtoto.

Sista akatokea. "Nesi! Hapa ni kazualti au ni uani kwenu?"

Sasa sikilizeni aibu yangu ya kweli, si hiyo mnayoisimulia nyinyi. Niliinuka, mtoto begani, nikasema, "Samahani, Sista. Nisamehe. Sitarudia." Nikasema tena na tena, mbele ya watu wote. Bibi akaniangalia kama aliyemwagiwa maji.

"Unaomba radhi kwa lipi, mwanangu?"

Nikafunga vifungo kwa mkono mmoja, mtoto akicheua begani kwangu.

Yule mama alipona. Mimi niliitwa ofisini nikaambiwa nichague, nimwachishe mtoto ziwa juma hilo hilo au nihamie Junju. Kalekye akaniambia, "Dada, Junju si jela." Najua. Lakini nilikuwa nimemwona mtu akifa nusu na kurudi, nami nimo humo. Nikapaka chuchu shubiri. Mbithe akaonja, akakunja uso, akanitazama, akajaribu tena kwa kudhani labda nimekosea. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Nimebaki kazualti, na kuichagua sijajuta. Anayengoja niape kwamba sitatoa tena ziwa kazini atangoja sana. Mtoto akilia na mamake yuko kwenye kisu, na mimi nimezaa tena, nina maziwa, atanyonya, na walete mapazia au wasilete. Ninachoapa ni kingine. Kuomba radhi kwa jambo lile, mtoto wa watu akicheua maziwa yangu begani na bibi yake ananitazama, hicho sikirudii tena, hata kofia yao waichukue.