Spea Haikui

Nauza spea za bajaji Kinondoni. Karibu kila kitu dukani kwangu kimetoka India: bushi, kebo za breki, plagi, hadi maboksi ninayokalia mchana. Mwenyewe sijawahi kufika huko. Utotoni nilijua India ni mahali wanapopelekwa wagonjwa wenye bahati. Jirani akisemwa kapelekwa India, watu walishusha sauti, nusu wivu nusu dua. Misaada mingine ilikuwa ya Wazungu, na ilikuja na magari meupe yasiyosimama. Siku hizi India inakuja yenyewe, na mimi ilinikuta nina binti wa miaka saba ambaye midomo yake ilibadilika rangi akipanda ngazi tatu.

Valvu ya moyo wake ilikuwa mbovu. Hospitali walituambia madaktari wa India wangekuja kwa wiki moja, kwa makubaliano ya serikali zetu mbili, wapasue wagonjwa pamoja na madaktari wetu. Binti yangu akapangiwa Jumanne. Jumatatu jioni nesi alinishika mkono akanieleza polepole: mtoto asile wala asinywe chochote, hata maji. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda akiwa kwenye dawa ya usingizi, kikaingia kwenye mapafu, na hapo hakuna cha kufanya. Niliogopa hadi nikaficha chupa yangu mwenyewe ya maji chini ya kitanda.

Asubuhi nilikwenda bafuni mara moja tu. Niliporudi wodini nilimkuta mama mkwe wangu, aliyetoka Temeke alfajiri, anafunga kizibo cha chupa ndogo. Kidevuni kwa mwanangu palikuwa na tone la njano.

"Mama, umempa nini?"

"Kombe tu, mwanangu. Mwalimu wa madrasa kamwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, tukaziosha kwa marashi. Kalimaliza lote, mtoto mzuri."

"Walisema asinywe!"

"Maji ndiyo asinywe. Hii ni kinga. Nyie mlitaka aingie kule mtupu?" Kisha akaiona sura yangu, na sauti yake ikashuka. "Usiwaambie. Watamtoa kwenye orodha, na hawa wageni Jumamosi wanaondoka zao."

Huyo mama ananipenda, na siku ile nilimchukia. Lakini aibu yangu ni hii: nilichukua pindo la khanga nikakifuta kile kidevu. Nilikifuta vizuri, kama mwizi anavyofuta nyayo.

Kitanda kikasukumwa, nami nikafuata nimeishika miguu ya mwanangu. Mlangoni kwa chumba cha upasuaji alisimama daktari wa kike kutoka India, mfupi, amevaa kandambili. Aliuliza kitu kwa Kiingereza, nesi akanigeuzia: leo mtoto kala au kanywa chochote?

"Hapana," nikasema.

Mlango ukafunguliwa. Binti yangu akanipungia mkono kwa vidole vinne, maana kimoja kilikuwa kimebanwa na kile kidude chao cha mapigo ya moyo. Hapo nikaushika ukingo wa kitanda nikapiga kelele.

"Kanywa! Kanywa kombe, chupa nzima, asubuhi hii!"

Nesi akashika kichwa. Sijui alilitafsirije kombe, lakini yule daktari hakufoka. Aliinama, akamwomba mtoto atoe ulimi. Ulikuwa wa njano. Akasema maneno machache, na kitanda kikageuzwa. Aliingizwa mtoto mwingine. Wa kwangu angekuwa wa mwisho Ijumaa, nafasi ikipatikana.

Jumanne hadi Ijumaa mama mkwe hakunisemesha. Alikaa upande wa pili wa kitanda na tasbihi yake, na kila mtoto mwingine alipoitwa alinitazama. Mimi nilihesabu majina yaliyobaki na kuogopa kila kitu: umeme, mafua ya daktari, ndege yao. Sikuweza kula, nikajikuta nafunga kana kwamba ni mimi nitakayepasuliwa.

Ijumaa alasiri wakamwita. Alipotoka, giza lilishaingia, lakini alikuwa anapumua na midomo ilikuwa ya rangi ya mtu. Mama mkwe alinishika shingo akalia, nami nikalia naye.

Kesho yake yule daktari alipita kuaga. Kupitia kwa nesi akanieleza kwamba valvu mpya imekaa vizuri, ila mtoto atakua, valvu haitakua, kwa hiyo siku moja atahitaji kubwa zaidi. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa mara mbili. Nazijua spea. Nikauliza, mtarudi? Akasema watarudi, makubaliano yakiendelea.

Zamani taarifa ya habari nilimwachia mume wangu. Sasa waziri wetu akienda India, au nikisikia nchi fulani zimegombana kwa ajili ya ushuru, naongeza sauti ya redio, na mteja anayetaka kebo anasubiri. Watu nisiowajua wanakaa mezani na kalamu, na hawajui kwamba kuna mtoto Kinondoni.

Naye anakua. Wazazi wenzangu hufurahi watoto wao wakikua. Juzi sketi yake ya shule ilimpanda juu ya magoti, mama mkwe akasema tumnunulie nyingine. Nilimjibu vibaya, nikasema ile bado inamtosha.