Mwegea Kichwa Chini

Picha ya mwegea, mti ule wa matunda marefu kama soseji, ilikuwa imekwisha tangu siku nne zilizopita, lakini Mama Majani hakutulia. Alisafisha brashi zilizokuwa safi, akachonga penseli asizozihitaji, akaenda dirishani, akarudi. Kuna kitu hakijakaa sawa, alijiambia, na kila alipotaka kukishika kilimponyoka.

Jina hilo alipewa na majirani, kwa kuwa hakuweza kupita kando ya kichaka bila kuinama. Miaka kumi na tisa alichora ramani za viwanja katika ofisi ya ardhi, kwa wino na rula, mpaka kompyuta zikaingia na meza yake ikahamishiwa stoo. Sasa alichora mimea ya asili inayowafaa watu: ya dawa, ya kamba, ya mbao. Chuo kilikuwa kimetangaza maonyesho, picha moja kwa kila mchoraji, na mkurugenzi wa hifadhi ya mimea angechagua hapohapo mtu wa kuajiriwa kuchora kitabu kizima. Ajira ya miaka mitatu. Kwa umri wa miaka arobaini na minne, Mama Majani hakutarajia kuisikia nyingine ikitangazwa.

Asubuhi ya maonyesho, dada wa mumewe alipita ukumbini kumletea miwani aliyoisahau. Alikuwa mfagizi wa shule ya jirani, na ulimi wake haukujua likizo. Akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni, akalaza kichwa upande huu, halafu upande ule.

“Wifi, mwegea huu umeuona wapi? Ndotoni?”

“Una nini?”

“Maua yanatazama chini kama yamekemewa. Na kikonyo kimesimama wima kama askari! Ule wa kwetu shuleni kikonyo kinaning’inia kama kamba ya kisima, na maua yanageuza midomo juu. Mwaka wa kumi na nne huu nayafagia, nisiyajue?”

Mama Majani aliisogelea picha. Akakumbuka: alikata kipande cha kikonyo, akakitia ndani ya gilasi ya maji juu ya meza ili maua yasinyauke. Kikasimama. Naye akachora kila mshipa wa maua yale, kila kunyanzi, rangi ile ya damu iliyokolea, kichwa chini miguu juu, akiona anachora ukweli.

Bingwa wa mimea wa chuo, aliyekuwa akipima nafasi za picha ukutani, alikwisha kuisifu mara mbili. Yeye mwegea aliujua ukiwa umekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi.

“Si uigeuze tu?” wifi alinong’ona. “Juu iwe chini, yaishe.”

Wakaitungua, wakaigeuza. Ilikaribia kabisa kuwa sawa. Lakini mwanga alikuwa ameupaka ukitoka juu kushoto, kama wachoraji wa mimea wanavyofanya, na sasa ulitoka chini, maua yakawa kama uso wa mtu aliyejimulika tochi kidevuni.

“Basi iache ilivyokuwa. Bingwa yule ameshaipenda.”

“Na atakayeshika kitabu aende porini kuutafuta mti?”

“Atajijua mwenyewe! Wewe kazi unaitaka au huitaki?”

“Naitaka mpaka tumbo linauma.”

Mama Majani akaiviringisha picha, akaitia kwapani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Milango ingefunguliwa saa tisa.

Chini ya mwegea wa shule maua mengi yalikwisha kuanguka. Kwenye kikonyo kimoja yalibaki mawili. Wifi alileta dawati, akalishika miguu, na Mama Majani akapanda juu yake na ubao wake wa kuchorea, shingo imepinda nyuma mpaka ikakakamaa. Alichora haraka, akafuta, akachora tena. Upepo ulikitikisa kikonyo na yeye akawa anakifuata kama mtu anayetaka kumvisha mtoto shati. Kufika saa nane ua moja tu ndilo lililokuwa na rangi. La pili lilikuwa penseli tupu.

Picha ikatundikwa hivyohivyo.

Mkurugenzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu.

“Mbona haijakwisha?”

“Iliyokwisha ilikuwa ya uongo.” Mama Majani akaeleza habari ya gilasi, na habari ya wifi yake. Bingwa wa mimea akakohoa, akaviangalia viatu vyake.

“Umefanya vizuri kusema,” mkurugenzi alijibu. “Lakini kitabu kina tarehe ya kwenda mtamboni kuchapwa. Nahitaji mtu anayemaliza.”

Kazi akapewa kijana aliyechora mshubiri, ambao hukua kwenye chungu na hausogei.

Njiani wifi ndiye aliyelia. “Mdomo wangu huu! Ningenyamaza, leo tungekuwa tunacheka.”

“Ungecheka wewe. Mimi ningekuwa bado nachonga penseli.”

Lakini nyumbani utulivu haukuja. Mama Majani alivuta kasha lililokuwa chini ya kitanda, akatandaza sakafuni picha ishirini na mbili, za miaka miwili mizima. Zote zilichorwa mezani, mbele ya gilasi ileile. Akaivaa miwani, akainua picha ya kwanza.

“Na huu je, wifi? Umekaa sawa?”

Wifi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akatazama.

“Huo siujui. Lakini muuza dawa wa sokoni anaukata kila siku.”

“Bado yupo saa hizi?”

“Yupo. Hebu vaa viatu kwanza.”